Sekunde Kumi na Moja za Makaburini

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu presha imepanda. Muuguzi aliyenipima amesema nikikasirika niandike badala ya kupayuka. Nikamwambia basi nitahitaji madaftari kumi. Hakucheka.

Haya, naanza. Leo amenikasirisha Mwalimu.

Kila Jumamosi tunakutana kwenye karakana ya kaka yangu, anayechomelea mageti. Tunasukuma vyuma pembeni, tunakalia madebe ya rangi na kuzungumzia Nyaya Wazi. Hiyo ndiyo bendi ya roki iliyotulea, na haijapiga pamoja kwa miaka kumi na moja. Kwenye kundi la simu tuko wengi, lakini wanaokuja kwa miguu yao ni walewale: kaka, ambaye ni mwenyekiti kwa kujiteua, Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, Mshonaji, mama anayetutengenezea fulana, na mimi, ambaye kazi yangu ni kupima masikio ya watu na kuwavalisha vifaa vya kusikia.

Mwalimu ana ubao. Anaandika kwa asilimia uwezekano wa bendi kurudiana. Leo ameshusha kutoka arobaini hadi thelathini na nne.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mke wa mpiga gitaa ameonekana sokoni peke yake."

"Sasa?"

"Nyumba isiyo na amani haitoi muziki, dada yangu. Hiyo ni hesabu tu."

Asilimia sita nzima kwa sababu mwanamke wa watu amekwenda kununua vitunguu! Nimerudi nyumbani nikiongea peke yangu njiani.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, na mvua ikipiga bati siwezi kumpima mtu masikio. Nimewarudisha wanne.

Jumatano, 5 Machi

Kaka amenipigia simu mara nne nikiwa na wateja. Mara ya tano nikapokea ili nimtukane, kumbe analia. Redio imetangaza kwamba tarehe 31 Mei bendi inatimiza miaka arobaini, na wanataka kuandaa onyesho. Mwimbaji amekubali, tena kwa sauti yake mwenyewe hewani: "Mimi niko tayari hata kesho. Mwenzangu anajua ninapokaa." Mpiga dramu naye amekubali. Mpiga besi tulimzika miaka tisa iliyopita, watamweka mwanawe.

Amebaki mpiga gitaa. Redio wanasema wamempigia wiki mbili na hapokei simu.

"Yule mtu," kaka akasema, "siku moja nitamfunga geti kwa nje."

Nilicheka. Nilimuunga mkono. Naliandika hili ili nisije nikajisahau baadaye.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana imejaa. Hata wale wa kwenye simu tu wameleta miili yao. Na kama kawaida, kabla ya mjadala, kaka akatuonyesha ile video. Inadumu sekunde kumi na moja. Naieleza hapa ingawa naijua kama ninavyoujua uso wangu.

Ni siku ya mazishi ya mpiga besi. Watu wanatoka makaburini. Mpiga gitaa anatembea mbele, kofia mkononi. Mwimbaji anamfuata, anamfikia upande wa kushoto, anamwekea mkono hewani, haumgusi, anasema: "Tumebaki watatu, ndugu yangu. Twende nyumbani." Mpiga gitaa hageuki. Hatikisi hata kope. Anaendelea kutembea, anapanda gari la mkewe na kuondoka. Mwimbaji anabaki na mkono wake juu. Sekunde ya kumi na moja anaushusha.

Hawajaongea tangu siku hiyo.

Maneno yale, TUMEBAKI WATATU NDUGU YANGU, Mshonaji ameyachapa mgongoni mwa fulana zetu, mbele jina la bendi. Sote tunazo. Na baada ya video ile ndipo mpiga gitaa alipopata jina lake, Jiwe. Jina hilo nililitunga mimi. Niliandika kwenye kundi, "Hata jiwe ukilisemesha makaburini lingejibu," na siku ya pili nchi nzima ilikuwa inamwita hivyo. Redio walilitumia. Watoto wa shule walilitumia. Nilijiona mtu.

Leo kaka kaamuru kwamba Jiwe asipojibu, tutamfuata nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Nimefuta vumbi kwenye mashine mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Niandike kabla sijapayuka.

Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja mwenye mwavuli, nyuma yake mzee mrefu mwenye kofia. Jina aliloandikisha halikunishtua, kwa sababu hakuna anayemjua kwa jina la cheti. Alipovua kofia nikamtambua. Nimeutazama uso ule kwenye majalada ya kanda tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nilitaka kumfukuza. Kweli kabisa. Nilitaka kumwambia, "Leo umekuja kwangu, sasa sema neno." Badala yake nikasema, "Karibu, mzee," kwa ile sauti yetu ya kazini. Mkewe ndiye aliyejibu. Kila swali akajibu mkewe.

Mvua ilikuwa imekatika, nikamwingiza kwenye kibanda. Ni kibanda kidogo kilichobandikwa sponji. Mtu anavaa vipokea sauti na kushika kitufe. Akisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, anabonyeza. Mimi niko nje ya kioo, natoa milio, sikio hili kisha lile, kubwa kisha ndogo.

Alibonyeza yote. Kulia sawa, kushoto sawa. Masikio ya kijana! Nikafura. Nikajua amekuja kupoteza muda wangu. Halafu nikapiga chafya.

Nilipopiga chafya sikutoa mlio. Yeye akabonyeza.

Nikatulia. Nikatoa milio mitatu kwa mwendo uleule, wa nne sikuutoa. Akabonyeza wa nne. Hapo nikaelewa. Mzee huyu alikuwa habonyezi kwa kusikia. Alikuwa ameishika kasi ya kidole changu. Miaka arobaini ya mdundo! Mwendo wangu nilipouanza kwa milio mikubwa aliyoweza kuipata, akauhesabu, akaendelea nao kimyakimya kama anayesubiri zamu yake kwenye wimbo.

Nikavuruga mwendo. Mlio mmoja, kisha kimya kirefu, kisha miwili ya haraka, kisha kimya tena. Chati ikaanguka. Sikio la kulia limebaki nusu. La kushoto halina kitu. Nilipandisha mpaka mwisho wa mashine, mlio wa kumfanya mtu mzima aruke kitini, na yeye ametulia anatazama sponji.

Alipotoka aliniona usoni akajua nimemkamata.

"Umeniharibia mdundo," akasema. Sauti kubwa, isiyo na kipimo, kama zinavyokuwa sauti za watu wasiojisikia.

Nikamuuliza mkewe sikio la kushoto limekufa lini.

"Mwaka wa mwisho wa bendi," akasema. "Miaka kumi na moja sasa. Alisimama ubavuni mwa dramu na spika upande huohuo, maisha yake yote."

Kumi na moja. Mazishi yana miaka tisa.

Nilichukua vipimo vya kifaa cha sikio la kulia, nikaandika tarehe ya kurudi. Kisha nikakaa kwenye kibanda chenyewe na mlango nimeufunga.

Jumatano, 19 Machi

Nimeitazama ile video tena. Nimeitazama mara ishirini. Mwimbaji yuko kushoto. Yuko kushoto na nyuma kidogo, na mkono haumgusi. Siku zote alisimama kushoto kwake jukwaani, ndiyo mazoea yao, angesimama wapi tena?

Mtu yule hakukataa kitu. Hakuambiwa kitu.

Na siwezi kumweleza yeyote. Siri ya mteja ni siri ya mteja, niliapa hivyo siku niliyopewa cheti, na sijawahi kuivunja hata kwa mume wangu alipokuwa hai. Nimekasirika mpaka meno yanauma. Nina hasira na kaka, na Mwalimu na ubao wake, na mzee mwenyewe kwa kujificha. Na yule mpumbavu aliyetunga jina la Jiwe, huyo ndiye siwezi kumvumilia kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda karakana bila fulana. Kaka kauliza iko wapi. Nikasema imelowa.

Mwalimu ameshusha hadi kumi na tisa. Mshonaji anasema wake za wanabendi bado wanasalimiana na hiyo ni dalili njema. Mwingine akadai Jiwe anataka aombwe kwa magoti. Wakabishana nani alimkosea nani kwenye kanda ya mwisho, nani alipunguziwa sauti, nani alimnyima nani shukrani kwenye jalada. Watu wazima, wenye wajukuu! Wanazigawa nyoyo za watu wanne wasiowajua kama wanaogawana nyama.

Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Jumatatu, 31 Machi

Mzee alirudi ili nimjaribishie umbo la kifaa sikioni. Mara tu alipokaa mvua ikashuka, bati likanguruma, ikawa hata mimi mwenye masikio sisikii. Mkewe alikuwa amekwenda dukani. Tukabaki tunatazamana. Akavuta karatasi mezani kwangu, akaandika kwa herufi kubwa:

KWA MVUA HII SASA TUKO SAWA.

Nikacheka bila kutaka. Nikaandika: Kwa nini usiwaambie watu?

Akaandika muda mrefu. WATU WAKISEMA NINA KIBURI, BADO WANANIDAI MUZIKI. WAKISEMA MIMI KIZIWI, WATANIPA POLE TU.

Nikaandika: Na mwimbaji?

Aliishika kalamu kama anataka kuivunja. YEYE ALINIACHA. SIKU YA MAZISHI HAKUNISEMESHA HATA NENO. HAKUNIPA HATA MKONO. NILIMNGOJA ANIFUATE GARINI. NIKASEMA KAMA HANITAKI, BASI.

Nilisoma mara mbili. Nchi nzima inayajua maneno yale. Tumeyachapa kwenye fulana. Mtu mmoja tu hajawahi kuyasikia, naye ndiye aliyeambiwa. Nani angemwambia? Kila mtu anaamini aliyasikia!

Nikaweka kalamu juu ya karatasi. Nilikuwa na nafasi ya dakika kumi nzima. Lakini ukimwambia mtu kwamba umeitazama video yake mara elfu, itabidi umwambie na wewe ni nani. Nikachora mstari. Nikachora mwingine. Mvua ikapungua, mkewe akaingia na mfuko wa sabuni, nikasema kwa sauti yangu ya kazini, "Haya mzee, tufungue mdomo, tuufunge, kifaa kikae vizuri."

Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mteja kaniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia ndivyo nilivyoumbwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimegombana na kaka kama hatukunyonya ziwa moja.

Ameshatangaza kwenye kundi: Jumapili tarehe 27 sote kwenye geti la Jiwe, na bango. Nikamwambia hili jambo ni aibu, mzee wa watu aachwe.

"Tangu lini unamwonea huruma?"

"Tangu nilipokua."

"Wewe? Wewe uliyempa jina?"

"Kosa langu ni langu. La kwako ndilo ninalokukataza."

Akazima mashine ya kuchomelea, akavua miwani. "Mdogo wangu, kuna kitu unakijua?"

Hapo ulimi ulinifika kwenye meno. Ulimi hauna mfupa, na wangu umeishi bila mfupa miaka hamsini na moja. Ningesema neno moja tu na yote yangeisha. Lakini angemwambia mkewe, mkewe angemwambia Mshonaji, na ifikapo jioni redio wangekuwa wanampa mzee pole kwa zamu.

"Sijui chochote," nikasema.

"Basi usituharibie."

Nikapiga teke debe la rangi. Lilikuwa na rangi. Viatu vyangu sasa ni vya kijani.

Jumanne, 15 Aprili

Sijaenda popote. Sijaongea na mtu. Mvua tu.

Jumapili, 27 Aprili

Niandike lilivyotokea, bila kujisafisha.

Nilikwenda ili niwazuie. Sikuwazuia. Walikuja ishirini na tatu, mvua inanyunya, fulana zote za TUMEBAKI WATATU. Mshonaji alileta bango la kitambaa, JIWE SEMA NENO, lakini rangi ilichuruzika njiani na walipolikunjua ilibaki michirizi myekundu isiyosomeka. Kaka alikuwa na kipaza sauti cha mkononi. Akaanzisha: "Jiwe! Jiwe! Jiwe!" Wakaitikia wote. Mwalimu, na umri wake ule, alikuwa anagonga geti kwa fimbo.

Nilimvuta kaka mkono. Akanisukuma. Nikasimama nyuma kama mtoto aliyechelewa shule.

Mlango ukafunguliwa. Mzee akatoka barazani, bila kofia. Akatutazama. Aliona nini? Watu ishirini na tatu kwenye mvua, wamevaa fulana za bendi yake, midomo wazi, mikono juu, wote kwa pamoja.

Akatabasamu.

Akapunga mkono. Kisha akauweka kifuani, akainama polepole, kule kuinama kwake kwa mwisho wa onyesho tulikokujua tangu utoto. Mara moja kulia, mara moja kushoto. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nyuma yake, mlangoni, mkewe alikuwa amesimama. Yeye alisikia. Nilimwona akiziba mdomo kwa mkono. Halafu akaushusha mkono uleule, na yeye akatupungia.

Watu waliwaka. "Anatudhihaki!" "Ona anavyotucheka!" Mtu akarusha tope likaishia getini. Kaka alirekodi yote, na kabla hatujafika barabara kuu video ilikuwa kwenye kundi. Mwalimu amesema ni asilimia mbili.

Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale leo. Na nilikuwa miongoni mwao, viatu vyangu vya kijani vinaonekana kabisa kwenye video, pembeni.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimejitoa kwenye kundi. Kaka kanirudisha. Nimejitoa tena.

Ijumaa, 2 Mei

Kifaa kimefika, na mwenye sikio akafika.

Mkewe alinishika mkono kwenye korido, mume ameshaingia. "Nimemwambia walikuwa wanaimba," akasema. "Maneno ya redio na simu juu yake niliacha kuyasikiliza zamani, na yeye namfichia. Nakuomba, mama, usimwambie. Wiki hii nzima ameshika gitaa. Anasema hawajamsahau. Jumatatu anakwenda redioni kuwashukuru."

"Redioni?"

"Atawashukuru kwa wimbo."

Nikaona yote mbele yangu. Mzee hewani anaishukuru nchi kwa kumwimbia, na nchi nzima ina video inayosema Jiwe, Jiwe.

"Mama," nikasema, "hicho kifaa ninachomvalisha leo ni cha kusikia. Unataka asikie wapi kwanza?"

Alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mtandio.

Ndani, mzee alikuwa amekaa amenyooka kama anayesubiri kupigwa picha. Kabla sijamvalisha akaniuliza kwa ile sauti yake kubwa: "Daktari, wewe unasikia mambo ya mjini. Jumapili mashabiki walikuja kwangu. Walikuwa wanaimba wimbo gani?"

Mimi si daktari. Nikavuta karatasi na kuandika jina la wimbo, ule wa kanda ya pili, ninaoupenda kuliko zote. Akanyoosha shingo kusoma. Nikaukata kwa kalamu kabla hajaona, nikakata mpaka karatasi ikachanika. Nikamvalisha kifaa sikio la kulia, nikakiwasha, nikasogeza kiti upande huo.

"Unanisikia, mzee?"

Aliruka kidogo. "Nakusikia."

"Hawakuwa wanaimba. Walikuwa wanakuita Jiwe. Ni jina la matusi, wamekuita hivyo miaka tisa. Jina hilo nililitunga mimi. Na Jumapili nilikuwepo."

Nilisema kwa pumzi moja, sikuwa na uhakika wa kupata ya pili. Uso wake haukubadilika, ule uso tulioutukana kwa sababu haubadiliki. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu sasa alikuwa anajisikia:

"Nionyeshe."

Nikamwekea video ya getini. Akaisikiliza yote, ameinamisha kichwa upande wa kulia. Jiwe, Jiwe, Jiwe, geti na fimbo ya Mwalimu. Ilipoisha akavuta pumzi.

"Watu ishirini," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeshika mdundo."

Sikuthubutu kucheka. Na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekasirika mpaka mishipa ya shingo imesimama. "Wewe mama, una moyo gani? Unanipima, unanichekea, unaniandikia kwenye karatasi, na ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini? Niliwakosea nini?"

"Ngoja uone," nikasema. "Hiki ndicho ulichotukosea." Nikamwekea ile nyingine, ya makaburini. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Kofia mkononi. Mwimbaji kushoto. Mkono hewani. *Tumebaki watatu, ndugu yangu. Twende nyumbani.*

Sekunde kumi na moja ni chache. Zilipoisha alinyoosha kidole, akaanza upya mwenyewe. Kisha tena. Mara ya nne hakutazama picha, alifumba macho.

"Alinisemesha," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimngoja garini. Mke wangu akauliza, twende? Nikasema ngoja kidogo. Tukangoja. Nikasema haya, twende." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono kama mtoto. "Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Kila mtu anajua, mzee. Tumeyachapa kwenye fulana."

Hapo ndipo alipopiga meza. Aliipiga kwa ngumi mara moja, chati zikaruka, mkewe akaingia mbio. "Miaka tisa!" akamwambia mkewe. "Fulana! Wameyavaa mgongoni, wamekuja nayo mpaka getini kwangu, na hakuna aliyenigeukia nisome!"

Nikamwambia ukweli mwingine, kwamba anaweza kunishtaki, na nikamwandikia ofisi ya kwenda kulalamika. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakusema ataitumia wala hataitumia. Alipofika mlangoni nilisema kwaheri, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Akatoka bila kujibu.

Jumatatu, 5 Mei

Hakwenda redioni.

Jumapili, 11 Mei

Nimemngoja wa kuja kunifungia ofisi. Hakuja. Mvua zimepungua, napima watu kutwa nzima, na kila mmoja namvurugia mwendo.

Jumamosi, 31 Mei

Leo ilikuwa iwe siku yenyewe. Hakukuwa na onyesho. Juzi redio walisoma tangazo: mpiga gitaa ameomba radhi, hatapiga tena jukwaani, sababu ni zake. Pamoja na tangazo wakatoa picha moja, iliyopigwa nyumbani kwa mwimbaji. Wazee wawili wamekaa kwenye kochi, vikombe mkononi. Mpiga gitaa amevaa kofia imeshuka mpaka masikioni.

Nilikwenda karakana, mara ya kwanza tangu geti. Kaka aliniona akanisogezea debe, na mimi nikalikalia. Tulikuwa wachache, wote wamefura. Picha ya nini kama hakuna muziki? Chai tunakunywa sisi wenyewe majumbani! Mshonaji alikuwa ameandaa fulana sitini za miaka arobaini, sasa ni za kufutia vioo.

Mwalimu akabandika picha kwenye ubao, akaizungushia chaki. "Tazameni walivyokaa," akasema. "Miaka arobaini mwimbaji yuko kushoto kwake. Jukwaani kushoto, majalada kushoto, mpaka makaburini kushoto. Leo yuko wapi?"

"Kulia," kaka akasema.

"Kulia! Amehama upande. Hawa watu hawajapatana, wanaigiza tu mbele ya kamera. Mazoea ya mtu hayabadiliki hivihivi." Akaandika sifuri.

Wakaanza. Mmoja akasema ni kochi lenyewe. Mwingine akasema ni ushirikina. Mshonaji akasema ni dharau, mwenye nyumba ndiye huchagua pa kukaa. Mimi nilisogea karibu na ubao. Mwimbaji hakukaa tu kulia. Amemwegemea, mdomo uko sentimita chache kutoka kwenye kofia, na mkono wake safari hii haupo hewani, umeshika bega.

Kwa hiyo mzee amemwambia siri ya sikio. Katika watu wote, huyo mmoja amemwambia.

"Dada yangu," Mwalimu akaniita, chaki mkononi, "wewe ndiye uliyekuwa na jicho kuliko sisi sote. Unaonaje? Kwa nini amehama?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuivunja karakana ile bati kwa bati, na jibu lilikuwa mdomoni kabisa.

"Sijui," nikasema, nikarudi kukaa kwenye debe langu.